RE: RE: HAMP wamenikatalia, na notisi ya mnada imeshabandikwa mlangoni

Kutoka: Mtoto wa Tanga, Chandler, Arizona
Novemba 2010

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Naomba ushauri wa haraka. Nililipa awamu zote za majaribio za HAMP, ule mpango wa serikali wa kupunguza marejesho ya mkopo wa nyumba, bila kuchelewesha hata moja, kisha ikaja barua kwamba ombi limekataliwa kwa sababu RMA, yaani fomu ya kuomba nafuu, haina sahihi ya mke wangu, na 4506-T, fomu ya kumruhusu mkopeshaji kupata taarifa zetu za kodi, imepitwa na muda. Karatasi zote mbili nilizituma kwa faksi na risiti ninazo. Barua haisemi kama hesabu ya NPV, ya kupima kama kupunguza marejesho kuna faida kwa mwenye mkopo kuliko kuiuza nyumba, ilifanyika au haikufanyika. Papo hapo notisi ya mnada imebandikwa mlangoni, na tofauti kati ya marejesho ya majaribio na yale ya mkataba wa awali sasa inahesabiwa kuwa malimbikizo, tena pamoja na faini. Swali langu ni moja: je, nitume RMA upya au niipinge barua hii kwa maandishi, na ni nani mwenye uwezo wa kusogeza mbele tarehe ya mnada? Jirani mmoja, ambaye tulikuwa tukisalimiana vizuri, ameisoma ile notisi akaniuliza nitahama lini, kwa kuwa naiteremsha bei ya nyumba yake.

---

Kutoka: Mama Wawili, Orlando, Florida

Pole sana mdogo wangu. Usihame. Sisi tuko mahakamani tangu mwaka jana, na mwanasheria wetu amewataka wakopeshaji waonyeshe hati halisi ya deni, jambo ambalo mpaka leo wameshindwa kulifanya. Nadhani sote tumesikia namna benki kubwa zilivyosimamisha unyang'anyi wa nyumba mwezi uliopita, baada ya wafanyakazi wao kukiri kwa kiapo kwamba walikuwa wakitia sahihi maelfu ya hati ambazo hawakuzisoma. Kwa hiyo subiri hakimu aamue.

Kilichoniumiza zaidi si benki, bali ni watu wetu. Nilipowaeleza akina mama wa kikundi chetu cha maombi kwamba riba yetu ilikuwa nafuu kwa miaka miwili ya mwanzo na kwamba ilipopanda marejesho yalizidi mshahara wangu, mmoja alijibu kwamba vyumba vinne vilikuwa vya nini kwa watoto wawili. Tangu siku hiyo wananiombea, lakini hakuna anayenipigia simu.

---

Kutoka: Msomaji wa Kimya, Riverside, California

Dada yangu, kwa heshima zote, usimpotoshe mwenzetu. Florida kila kesi hupita mahakamani, ilhali Arizona mnada hufanywa na mdhamini (trustee) aliyetajwa kwenye hati ya rehani bila hakimu yeyote kuhusishwa. Akikaa kumsubiri hakimu, atashtukia nyumba imeshauzwa. Kwa upande mwingine, nyumba ya kawaida ya kuishi ikiuzwa Arizona kwa njia hiyo, kwa kawaida mkopeshaji hawezi kumfuata mtu kwa deni lililobaki, wakati kwenu Florida anaweza. Ni mambo mawili tofauti, na tusiyachanganye.

---

Kutoka: Mkongwe, Maryland

Vijana wangu, niruhusuni niseme lisilopendeza. Mtu mzima hutia sahihi akijua anachokitia sahihi. Mwaka 2005 wengi wenu mlinicheka nilipoendelea kupanga chumba kidogo huku mkichukua nyumba bila kianzio na bila kuonyesha hati yoyote ya mshahara. Bei zilipopanda mlizikopea tena nyumba hizohizo, na sisemi majina, lakini zipo ghorofa nyumbani zilizojengwa kwa fedha hizo. Leo bei zimeanguka, na kodi yangu ndiyo iwapunguzie marejesho. Huyo jirani wa Chandler simlaumu hata kidogo.

---

Kutoka: Karani wa Zamani, Phoenix, Arizona

Shikamoo Mzee Mkongwe. Nimefanya kazi katika ofisi ya madalali wa mikopo, kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu.

Usemayo kuhusu ghorofa za nyumbani ni kweli kwa baadhi yetu, na sitawatetea. Lakini mteja wa kawaida tuliyempokea alikuwa muuguzi au dereva mwenye mshahara halali, na fomu zake zilijazwa na dalali aliyekuwa akilipwa zaidi na mkopeshaji kadiri riba ya mteja ilivyokuwa kubwa. Mteja alisomewa marejesho ya miaka miwili ya kwanza kwa sauti, na ukurasa uliofuata akaonyeshwa tu mahali pa kutia sahihi. Mkopo wenyewe uliuzwa baadaye kwa wawekezaji, kwa hiyo aliyeuandika hakuwa na sababu ya kujali kama utalipika.

Rais Obama alikuja hapa jirani, Mesa, tarehe 18 Februari 2009, akatangaza mpango uliozaa HAMP na HARP (huu wa pili wa kubadilisha mkopo wa zamani kwa mpya wenye riba nafuu), wenye fungu la dola bilioni 75. Kesho yake Rick Santelli, mtangazaji wa televisheni ya biashara ya CNBC, alisimama kati ya wafanyabiashara wa soko la Chicago akawauliza nani anataka kumlipia jirani mkopo wa nyumba yenye bafu la ziada, nao wakazomea. Ilikuwa imepita miezi minne tu tangu Bunge liidhinishe bilioni 700 kuyaokoa mabenki. Bafu la jirani kila mtu anaweza kulipiga picha akilini, ilhali dhamana zilizotungwa kutokana na mikopo hiyo hazina sura, na naamini ndiyo maana hasira yote ilimwendea jirani.

Kisha tazama namna wakubwa wanavyojihukumu wenyewe. Mwaka jana kiongozi wa chama cha wakopeshaji wa nyumba, MBA, aliwaasa wanaofikiria kuacha kulipa wakumbuke ujumbe wanaowapelekea familia zao, watoto na marafiki. Februari mwaka huu chama hichohicho kiliuza makao yake makuu ya Washington kwa takriban dola milioni 41, ilhali kiliyanunua mwaka 2007 kwa takriban milioni 79. Mwezi mmoja kabla yake, makampuni ya Tishman Speyer na BlackRock yaliwakabidhi wadai Stuyvesant Town, mtaa mzima wa nyumba za kupanga wa Manhattan, waliounua kwa dola bilioni 5.4 mwaka 2006, na magazeti yakaandika kwamba ni uamuzi wa kibiashara. Muuguzi wa Glendale akirudisha funguo kwa hesabu ileile, Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, wametangaza tangu Juni kwamba atanyimwa mkopo unaopitia kwao kwa miaka saba, ili iwe fundisho.

Aibu hii ina faida kwa mkopeshaji, Mzee wangu. Namfahamu mama mmoja anayetoa akiba yake ya uzeeni, ya 401(k), kulipia nyumba ambayo thamani yake haifiki nusu ya deni, na analipa adhabu ya kuitoa mapema, kwa sababu tu hataki kanisani ijulikane. Akiba ile wadai wasingeweza kuigusa hata angefilisika. Hakuna benki iliyomlazimisha. Tumemlazimisha sisi.

---

Kutoka: Mkongwe, Maryland

Marahaba. Kosa la tajiri halimtakasi maskini. Hao Tishman wamepoteza fedha za wawekezaji waliojua hatari, lakini nyumba yako ikikaa tupu majani yanaota, wezi wanang'oa mabomba ya shaba, na anayeumia ni aliye jirani yako na aliyelipa kila mwezi. Huyo naye ana haki ya kukasirika, na sijaona ulipomtaja.

---

Kutoka: Mama Wawili, Orlando, Florida

Mzee, nyumba hukaa tupu kwa sababu benki imewatoa waliokuwa wakikata majani. Na tafadhali msiwatishe watu kwa kodi ya deni lililosamehewa. Deni likisamehewa, 1099-C, yaani taarifa ya deni lililofutwa, ikija unajaza Fomu 982 ya kuomba msamaha wa kodi, na hudaiwi chochote mpaka mwisho wa 2012.

---

Kutoka: Msomaji wa Kimya, Riverside, California

Si kila deni, dada. Sheria ya 2007 inayotoa msamaha huo wa kodi inahusu nyumba unayoishi mwenyewe, na deni lililotumika kuinunua, kuijenga au kuifanyia ukarabati mkubwa. Aliyeikopea tena nyumba akapeleka fedha nyumbani kujenga, au akalipia gari, sehemu hiyo haimo katika msamaha huo, na IRS, mamlaka ya kodi, wataihesabu kuwa mapato yake isipokuwa athibitishe kwamba madeni yake yalizidi mali aliyokuwa nayo siku deni liliposamehewa. Fomu 982 ina sehemu ya hilo pia, lakini ni kisanduku kingine, na kina hesabu yake.