Kuwa kama mtoto mbele za Mungu: tupeane uzoefu

Mwalimu wa Jumapili: Marko 10:13-16, Yesu akiwapokea watoto, imesomwa leo ibadani. Wapendwa mnaofundisha watoto, mnafanyaje ili mtu mzima naye apate tena kumshangaa Mungu?

Katekista: Anza na Zaburi 104, mstari wa 10 hadi 18 tu. Soma kwa sauti, tua kila kiumbe kinapotajwa: punda mwitu, ndege, korongo, wibari (pimbi). Dakika kumi zatosha. Kinachoharibu ni haraka ya kutoa fundisho. Ukisema tu "hapa tunajifunza kwamba", watu wanaacha kutazama na kuanza kuandika. Siku nyingine ruka hadi mstari wa 26, lewiathani, yule mnyama mkubwa aliyeumbwa "acheze" baharini. Usiufafanue.

Shemasi: Kweli kabisa. Sisi wa mjini tutumie maharage: punje tano, glasi, pamba iliyoloweshwa. Zibane punje kwenye ukuta wa glasi ili mzizi uonekane. Maji yakizidi zinaoza. Kila asubuhi soma Marko 4:27, mbegu inamea na mpanzi hajui jinsi gani, kabla ya kuitazama glasi.

Mzee wa Kanisa: Mtoto haulizi-ulizi. Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji, alimwuliza malaika, akawa bubu.

Katekista: Shikamoo mzee, ila hapo hapana. Mariamu naye aliuliza, "Litakuwaje neno hili?", akajibiwa vizuri. Zakaria alitaka uthibitisho: "Nitajuaje neno hilo?" Na Yesu wa miaka 12 alikutwa hekaluni akisikiliza na kuuliza maswali. Kutoka 12:26 inamwandaa mzazi kwa swali la mwanawe.

Mama wa Watoto: Mnabishania maswali, na imani ya watoto inafia kwingine kabisa. Mtoto anaombea bibi yake apone, bibi anafariki. Pale msibani mtu mzima anamwambia, "Labda hukuomba kwa imani." Mtoto anaelewa kwamba yeye ndiye amemwua bibi! Baada ya hapo haombi tena, au anaomba kwa hofu, na hofu hiyo anakua nayo. Jamani, tusiseme hivyo kamwe. Wala tusimwambie "bibi amelala", maana ataogopa kulala. Yesu mwenyewe, wanafunzi walipodhani ni usingizi wa kawaida, aliwaambia waziwazi, "Lazaro amekufa." Kisha, kabla ya kufika kaburini, akalia. Fuata mpangilio huo huo: sema ukweli kwa sentensi moja, lia naye, mwambie kosa si lake. Asipotaka kuomba, usimlazimishe. Omba wewe, kwa maneno machache, yeye asikie.

Shemasi: Amina, mama. Watu wazima wangapi wamelibeba neno hilo tangu utotoni!

Mwalimu wa Jumapili: Na mtu mzima aliyekwisha kuumizwa hivyo, aanzie wapi?

Mzee wa Kanisa: Zaburi 131, mistari mitatu tu: nafsi iliyotulia kama mtoto aliyeachishwa kunyonya, kifuani pa mama yake. Anayenyonya akipakatwa hutafuta ziwa. Aliyeachishwa anatulia kifuani, anamtaka mama tu. Akae dakika tano jioni bila kuomba kitu chochote. Ndiyo kunyamaza nilikotaka kusema.

Mama wa Watoto: Mzee, kwa aliyefiwa mimi ningempa Zaburi 13 kwanza, alie "hata lini". Kutulia kutakuja baadaye.

Mzee wa Kanisa: Basi aanze na 13. Nakubali.

Shemasi: Nimesahau: maharage yalowekwe usiku mmoja kwanza, na yawe ya msimu huu. Ya zamani mengi hayaoti.