Tupeane uzoefu: mdudu gani wa India alikulaza kitandani?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Huu uzi ni wa waliosoma India, waliopeleka wagonjwa, wanaofuata mizigo, hata waliopita wiki mbili tu. Mdudu gani alikupata na ulijuaje kuwa ni yeye? Nauliza kwa sababu mdogo wangu anaondoka mwezi wa nane kwenda Pune, jana nimemkuta anapanga begi, unga umo, dagaa zimo, pilipili ya mbuzi imo, dawa ya kujipaka ya mbu hamna. Namuuliza ananiambia bro mi nimezaliwa Kilosa, mbu wa India atanifanya nini. Nikacheka maana na mimi niliondoka na mdomo huo huo.

Naanza na ya kwangu. Oktoba 2015, nipo pembeni ya Delhi mwaka wa pili, tunakaa watatu chumba kimoja kwa mama mmoja mjane tulikuwa tunamwita anti. Chumba kina lile feni la maji, wale waliokaa kaskazini wanalijua, bati kubwa linakaa dirishani chini lina tanki la maji, feni inavuta hewa kupitia majani yaliyolowa basi chumba kinapoa. Joto likiisha mnalizima. Sisi tukalizima tukasahau maji ndani, wiki kadhaa yametulia pale meupe masafi kabisa.

Homa ikanipiga ghafla saa nane mchana. Mimi kwa akili zangu za Kilosa nikasema malaria hii, nikafungua begi nikatoa mseto niliotoka nao nyumbani nikameza dozi yote bila kupima. Siku ya tatu kichwa nyuma ya macho kinauma nikigeuza jicho tu naona nyota, mifupa kama nimepigwa rungu, nikameza diklofenaki za mwenzangu. Siku ya tano napiga mswaki damu fizi zote. Anti akaniangalia mara moja tu akasema "dengu", yaani homa ya dengue, akaita bajaji. Kupimwa pleteleti (zile chembe za kugandisha damu) zipo elfu 31, wakati mtu mzima anatakiwa aanzie laki na nusu. Daktari alivyosikia diklofenaki alinigombeza kama mtoto, kumbe hizo dawa za maumivu zinazidisha kuvuja damu, dengue unameza parasetamo peke yake na maji mengi basi, hakuna dawa inayoua kirusi chenyewe.

Na kitu ambacho sikukijua kabisa: homa iliposhuka nikataka kuruhusiwa, daktari akasema hapo ndo nakuangalia zaidi. Hatari yenyewe inakuja homa ikishuka, maji ya damu yanavuja kwenye mishipa, presha inaanguka, mgonjwa anajiona kapona kumbe ndo anaondoka. Nimelala siku sita. Anti kila asubuhi analeta juisi ya majani ya mpapai, chungu kuliko mwarobaini, India wanaiamini kweli kweli, daktari alisema kunywa ukitaka ila usiniachie maji ya chumvi na sukari.

Nilivyorudi nikachungulia lile tanki na tochi. Viluwiluwi wanacheza. Huyu mbu hataki maji machafu, anataka maji yako masafi ya ndani, na anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia. Neti nilikuwa nayo miaka miwili nafunga kila usiku.

Karibuni.

Kitangiri2

Mkuu umenikumbusha mbali. 2006, Bangalore, mimi chikungunya. Sikuweza kushika kalamu, vifundo vya mkono vimevimba, magoti hayakunji, na hosteli yetu ilikuwa na vyoo vya kuchuchumaa tu. Sitaki kueleza zaidi, elewa tu kwamba nilikuwa naenda chooni na rafiki.

Sasa kituko. Daktari ananiuliza unatoka wapi, namwambia Tanzania, akaruka kwenye kiti. Anaita wanafunzi wake, huyu anatoka kwenye nchi yenye ugonjwa wake, jina ni la Kiswahili. Nikamwambia hapana daktari, si Kiswahili, ni Kimakonde, na mimi ni Mmakonde. Ugonjwa huu waliuandika kwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 huko kwetu uwanda wa Makonde, upande wa Newala, watu wakauita hivyo kwa sababu unakukunja. Wale wanafunzi wananiangalia nilivyojikunja pale kitandani, hawakuhitaji tafsiri.

Yaani nimepanda ndege mbili kwenda kuugulia ugonjwa wa kijijini kwa bibi. Na si utani, maana mlipuko ule wa India ulianzia pwani yetu kweli. 2004 ukapiga Lamu na Mombasa, 2005 Komoro, ukaenda visiwa vya Bahari ya Hindi mpaka Réunion, mwisho wa 2005 ukatua India, 2006 wakahesabu watu zaidi ya milioni 1.3 waliodhaniwa kuwa nao. Mbu ni yuleyule wa mleta mada. Homa iliisha ndani ya wiki, viungo vilinisumbua miezi minane, asubuhi nikiamka natembea kama mzee wa miaka themanini.

Mpwayungu_wa_Ilala

Mbona mnaisema India vibaya? Dengue hata Dar ipo, 2014 na 2019 watu walilazwa hapa hapa.

Mleta mada

Mkuu hakuna anayeisema vibaya, mimi India imenisomesha na anti yule namtumia salamu mpaka leo. Ninachosema ni kwamba tunaenda na ujuzi wa mbu mmoja, wa usiku, wakati kule kuna kundi zima na kila mmoja ana saa zake. Na kweli Dar wapo, 2019 nilikuwa nawaambia majirani acheni kumeza mseto kapimeni kwanza, wananiona mjuaji.

Chai_ya_Tanga

Salaam. Mimi ni Muhindi wa Tanga, babu wa babu ndo alitoka Gujarat, Kigujarati chenyewe nakiongea kama mgeni. 2011 nilimpeleka mama Chennai kwa moyo, operesheni ikaenda vizuri alhamdulillah, aliyerudi mgonjwa ni mimi.

Malaria, lakini ya vivax, ile ya kwetu nyingi ni falsiparumu. Pale nyumba ya wageni juu ya paa kulikuwa na matangi ya maji mfuniko umevunjika, na mbu wa malaria wa miji ya India, anaitwa Anopheles stephensi, anapenda matangi ya mjini, visima, hata maji ya kwenye majengo yanayojengwa. Yeye hahitaji shamba la mpunga. Wakanipa klorokwini siku tatu, halafu wakapima damu kama ninaweza kuhimili primakwini maana kuna watu wana upungufu fulani wa kimeng'enya, wakiimeza chembe nyekundu za damu yao zinapasuka, wakaniambia hii meza siku kumi na nne. Nikameza nne. Homa imeisha, tumbo linachafuka, mama anatakiwa kubadilishwa bandeji, mambo mengi, nikaacha.

Miezi mitatu baadae nipo Tanga dukani, baridi inanitetemesha mchana wa jua kali. Zahanati ya kwanza kipimo cha kidole hakuna kitu, maana kilikuwa cha kutafuta falsiparumu tu. Ya pili wananipa antibayotiki. Nikapona mwenyewe, wiki nne ikarudi! Mpaka nikampata daktari mzee akaniuliza ulisafiri wapi mwaka huu, hilo swali tu, akaangalia damu kwenye darubini akamuona. Vivax anajificha kwenye ini amelala, hata ukisafisha damu yeye yupo anasubiri, primakwini ndo inamfuata huko kwenye ini. Zile vidonge kumi nilivyoviacha viliniletea mwaka mzima wa homa.

Kitangiri2

Kwa hiyo sisi weusi hatuipati hiyo?

Chai_ya_Tanga

Wengi wenu chembe zenu nyekundu hazina ule mlango anaoingilia huyu vivax, kwa hiyo kwenu ni nadra, ila nadra sio haiwezekani. Na usijidanganye kaka, falsiparumu India wapo pia, na ile kinga yenu ya utotoni ukikaa nje miaka mitatu minne inapungua. Wanafunzi wengi wanarudi likizo nyumbani wanaangushwa na malaria ya kwao wenyewe. Halafu huyo mbu wa matangi ameshavuka bahari, Djibouti walimkuta 2012, Ethiopia baada ya hapo, na Kenya kaskazini kashafika. Funikeni masimtanki.

Mama_Nasra

Mimi yangu mtashangaa, si mbu. Nilisoma Chandigarh, uuguzi. Septemba mvua zinaisha tukaenda kupanda milima Himachal, tukakaa kwenye nyasi tunakula chapati, picha nzuri kweli. Siku kama kumi baadae homa, kichwa, kikohozi, wakapima dengue hamna, malaria hamna, taifodi hamna. Nipo wodini nachoka tu, macho yanaanza kuwa ya njano.

Akaja daktari mwanamke mtu mzima, akasema vueni nguo huyu binti mwangalieni kila mahali. Nilijisikia vibaya jamani, nina ushungi, wakavuta mapazia. Chini ya titi wakakuta kidonda kidogo cheusi kimekauka kama mtu kanizimia sigara, hakiumi hakiwashi, mimi mwenyewe sikujua kama kipo. Akasema basi, tumempata. Skrabu taifasi, usichanganye na taifodi, hii inaletwa na watoto wa utitiri wanaokaa kwenye nyasi na vichaka, wadogo huwaoni kwa macho. Kanipa doksisaiklini, dawa rahisi tu ya bei ya nauli, baada ya siku mbili homa kwisha na nimeomba wali. Kuna watu wanakufa na hii, figo na mapafu vinagoma, kwa sababu tu hakuna aliyewavua nguo akatafuta kidonda.

Mpaka leo nikiwa zamu akija mtu na homa isiyoeleweka namkagua kwapani na kwenye kinena kwanza.

Mswahili_wa_Manipal

Ongezea kupe hapo. Karnataka kuna msitu unaitwa Kyasanur, wilaya ya Shivamogga, 1957 tumbili walianza kufa msituni halafu watu wakafuata na homa za kutoka damu. Kupe ndo wanaubeba ugonjwa huo. Sisi tulitaka kwenda kutalii upande ule mwezi wa pili, wenyeji wakatuuliza mmesikia tumbili wamekufa? Kule ukiona tumbili kafa hupigi picha, unatoa taarifa na unaondoka. Tukaenda ufukweni.

Kamau_wa_Pwani

Niaje wadau, mimi ni Mkenya, nilifanya utafiti wa shahada Bihar, Muzaffarpur. Kuna kainzi kadogo, kama theluthi ya mbu hivi, rangi ya mchanga, hakapigi kelele yoyote sikioni, kanaruka kwa kurukaruka karibu na ukuta. Kanakaa kwenye nyufa za nyumba za udongo na mazizi ya ng'ombe. Hako ndiko kanaleta kala-azar, jina lenyewe la Kihindi, homa nyeusi, vile ngozi inakuwa. Neti ya kawaida kanapita kwa matundu kama vile mlango uko wazi.

Nilikumbuka Baringo na Turkana vile watoto wanafura tumbo, wengu limejaa, watu wanadhani ni malaria sugu ama wamerogwa. Bihar nilikuta mzee mmoja amezunguka kwa waganga na maduka ya dawa miezi mitano, amekonda kama kijiti, kufika kituo cha serikali akapewa dripu moja, siku moja, kisha akarudi nyumbani. Kwetu wakati ule zilikuwa sindano siku kumi na saba, matako yanakufa ganzi. Hiyo iliniuma sana. Timu za kunyunyizia dawa zinaingia kila nyumba, kuta mpaka urefu wa mtu, na zizini, kuna wamama walikuwa wanakataa chumba chenye miungu yao kisinyunyiziwe, inabidi waongee nao taratibu.

Jeuri_ya_Kigogo

Mimi kunguni. Mumbai, gesti karibu na stesheni. Sikuumwa ugonjwa wowote ila sikulala siku nne na nikawaleta mpaka Kariakoo ndani ya begi. Mke wangu alinikaribisha sana 😂😂

Mama_Nasra

@Jeuri kunguni bahati yako hawaambukizi magonjwa. Ila begi choma.

Hyderabad_Returnee

Kwa faida ya vijana, pale Begumpet, Hyderabad, lipo jengo ambalo daktari Mwingereza Ronald Ross tarehe 20 Agosti 1897 alimpasua mbu akakuta vijidudu vya malaria tumboni mwake. Wakati ule watu wanasema malaria ni hewa mbaya ya madimbwi. Kinachonifurahisha ni mgonjwa wake, Husein Khan, alikuwa analipwa anna moja (sarafu ya India ya zamani) kwa kila mbu aliyemuuma akashiba, wakamuuma kumi akapata anna kumi. Nilienda pale nikasimama dakika tano kwa heshima, mbu wakaniuma watatu na sikulipwa.

Dogo aende na dawa ya kujipaka, nguo za mikono mirefu za mchana, na akiumwa asimeze kitu cha begini.

Mleta mada

Ahsanteni wakuu. Dogo amesoma uzi wote usiku kucha. Asubuhi ametoa dagaa nusu, ameweka losheni mbili za mbu, halafu ameniuliza swali moja tu: Pune wanatumia lile feni la maji? Nani kakaa Pune amjibu.