Harufu tamu ya kemikali nikiwasha AC: ni gesi au kulanti?

Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri kwa wanaojua AC za magari.

Gari yangu ni ndogo ya Kijapani, cc 1300. Asubuhi AC haina shida. Injini ikishapata moto, hasa kwenye foleni ya Mbagala, inatoa harufu tamutamu ya kemikali hadi kichwa kinauma. Siyo ule uvundo wa evaporeta (kile kipoza hewa cha AC) chafu, huo naujua. Kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafutamafuta usiofutika vizuri, na kulanti (maji ya kupozea injini) inapungua ingawa chini ya gari sioni hata tone. Zulia upande wa abiria nimelipapasa, bado kavu.

Fundi AC anasema gesi inavuja, tujaze upya. Nasita, maana baridi ipo ya kutosha na gesi yenyewe ya AC, R134a, karibu haina harufu. Mimi nashuku ile rejeta ndogo ya hita nyuma ya dashibodi, inayopitisha kulanti ya moto, ndiyo inavuja.

Nianze kwa kupima presha ya mfumo wa maji? Na kwa joto hili la Dar, kuna ubaya nikiunganisha mipira miwili ya hita ili kulanti isiingie kabisa ndani, kuliko kushusha dashibodi nzima?