Lebo za maua yangu ya dahlia zimefutika zote, naombeni ushauri

Mkulima Ughaibuni: Habari za jioni wakuu. Niko Leicester, Uingereza, nimekodi kipande cha bustani na nina aina 62 za dahlia. Novemba sakitu ilipiga usiku mmoja, asubuhi majani yote meusi kama yamechemshwa. Nikang'oa viazi vyake, nikaosha, kila kimoja nikakifunga lebo ya plastiki yenye namba. Majina nikayaandika daftarini. Juzi nafungua makreti, lebo nyeupe pee! Daftari lipo, namba hazipo. Kuna anayeweza kutambua aina kwa kuangalia kiazi tu? Nina haraka kidogo.

Mama wa Lushoto: Pole mwanangu. Marehemu mama alikuwa nazo uani, hazina lebo wala nini. Kulikuwa na "ya padri", aliipata misheni, na "ya deni", jirani alilipia debe la mahindi. Huku hatung'oi, zinajiotea.

Fundi Maua: Kwa kiazi huwezi, mkuu. Subiri zichanue, upime. Ua la kundi la pomponi halivuki milimita 52 kwa upana, likizidi hapo ni kundi la mpira. Kundi la kaktasi petali zake zimejikunja kwa nyuma, zaidi ya nusu ya urefu, hadi zinakuwa kama mirija. Aina ya Bishop of Llandaff utaijua hata kabla ya ua, majani yake yana weusi wa zambarau. Ila Februari hii haraka ya nini?

Mkulima Ughaibuni: Napenda mpangilio tu.

Tozo Kila Kona: Vinaliwa hivyo viazi? Aina 62, mimi ningeshatia nazi.

Fundi Maua: Vinaliwa, ila usihamishe mada. Mleta uzi, hakuna anayekosa usingizi kwa ajili ya mpangilio. Umeuza?

Mkulima Ughaibuni: Haya. Nimeuza pakiti 23 mtandaoni, 9 zimeshaondoka. Majina nimekisia, lakini si kwa kubahatisha, nakumbuka kreti lipi lilikaa upande gani. Hela nimeshalipia pango. Hata wauzaji wakubwa hukosea. Na ua ni ua jamani, litachanua.

Abuu Swafwaa: Ndugu yangu, kuuza usichokijua ni kughushi. Rudisha hela za watu.

Fundi Maua: "Ua ni ua" kamwambie anayepanda kwa mashindano. Majina ya dahlia yanasajiliwa Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, daftari lao la kimataifa lilitoka 1969. Mbegu ya dahlia haimzai mama yake, ina seti nane za kromosomu, kila mche unatoka na sura yake. Jina linasafiri kwa kiazi au kipandikizi tu. Ukikosea lebo, kila atakayemgawia jirani yake anasambaza kosa lako.

Tozo Kila Kona: Aliyelipia Café au Lait, yaani kahawa ya maziwa, akiota nyekundu, mwambie maziwa yamepanda bei, hiyo ni chai ya rangi.

Mpelelezi Huru: Umeitaja mwenyewe: uzi wote huu ni chai. Desemba huyu jamaa alikuwa anatafuta fremu Mwanjelwa, Mbeya. Leo yuko Leicester na aina 62? Tupia picha.

Mkulima Ughaibuni: Fremu ni ya shemeji yangu, mimi natuma hela tu. Picha hiyo hapo, kreti la dirishani.

Mama wa Lushoto: Mwanangu, ukuta wako una ukungu. Angalia kifua.

Mpelelezi Huru: Umeidownload. Weka karatasi yenye tarehe ya leo.

Mkulima Ughaibuni: Hiyo nyingine, na karatasi. Umeridhika?

Fundi Maua: Achaneni na karatasi. Kuzeni picha, kiazi cha kushoto. Pale shingoni, vichipukizi vifupi vinene vimesongamana kama koliflawa. Macho ya kawaida ya kiazi hayakai hivyo. Huo ni ugonjwa wa bakteria, hauna dawa, na unahama kwa kisu. Choma, usitupe kwenye mboji. Wakati unagawa viazi ulikuwa unasafisha kisu?

Mkulima Ughaibuni: Kisu kilikuwa kimoja. Nusu ya hicho cha kushoto iliondoka Jumatatu.

Tozo Kila Kona: Kwa jina gani?

Mkulima Ughaibuni: Bishop of Llandaff.