Ushauri: Sumbawanga hadi Kigoma kwa baiskeli, nipite Katavi au nishuke Kipili?

Mwana_wa_Kasulu
Heshima kwenu wakuu. Naombeni ushauri wa haraka, usingizi sipati. Mwezi wa nane nataka kutoka Sumbawanga hadi Kigoma kwa baiskeli, peke yangu. Ni zaidi ya kilomita 500 na sehemu kubwa ni miombo mitupu. Njia naona mbili: nipite Katavi, Mpanda, Mishamo, Uvinza, au nishuke Namanyere hadi Kipili ziwani, nipande meli ya Liemba inifikishe Kigoma. Ipi salama? Na tairi nifunge za aina gani? Baiskeli ni Phoenix.

Fundi_Spoku
Mkuu, Phoenix inabeba magunia ya mkaa, itashindwa kukubeba wewe? Funga tairi nene mpya zote mbili. Beba tyubu za akiba, viraka, gundi, pampu na spoku kadhaa. Upepo usijaze hadi tairi liwe gumu, kwenye kokoto utarushwa. Mzigo wote kwenye keria, mgongoni usiweke kitu. Enzi zangu nilikuwa nashusha ndizi kutoka Kalinzi hadi Kigoma mjini, breki hakuna, nakanyaga tairi la nyuma kwa kandambili. Mteremko ule ukikosea unakwenda na ndizi zako.

Kijiwe_Boy
Uko Sumbawanga halafu unahangaika na baiskeli? Waombe wazee wakuazime ungo, alfajiri uko Kigoma unakunywa chai 😂

Mrina_Asali
Tuache utani, kijana atakufa. Kipande cha Kibaoni hadi Sitalike kiko ndani ya hifadhi ya Katavi. Simba, tembo na nyati hawasubiri upite. Na hata wakikuacha, kuna mbung'o. Wale wanafuata chochote kinachotembea, na rangi nyeusi na bluu ndiyo zinawavuta zaidi, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Wanauma juu ya shati jepesi na wanaleta malale. Hapo panda basi, baiskeli iende juu. Vaa kaki nzito.

Mpanda hadi Uvinza ni karibu kilomita 200. Kuna Mishamo katikati, makazi waliyofungua Warundi waliokimbia mwaka 1972, watu wazuri, maji na chakula utapata. Nje ya hapo ni msitu. Mimi natundika mizinga huko, naweza kushinda nisione mtu.

Sista_Wodini
Mdogo wangu, mtu hakosi usingizi kwa sababu ya tairi. Kuna kitu hujasema. Unaumwa?

Mwana_wa_Kasulu
Dada, mbona unanichimba. Nimeuliza njia tu.

Sista_Wodini
Nimekuuliza swali moja.

Mwana_wa_Kasulu
Sawa. Nina kisukari, kile cha sindano, tangu sekondari. Lakini kiko vizuri! Daktari mwenyewe kasema mazoezi yanasaidia. Ruhusa kazini nimeshapewa, baiskeli iko kwa fundi. Nyumbani sijasema kwa sababu najua watakachojibu. Nimekatazwa mpira, nimekatazwa bweni, hata safari ya shule niliachwa getini. Sasa hivi ni mtu mzima.

Mzee_wa_Mwanga
Kumbe mama hajui! Mwanangu, safari bila radhi ya mzazi haina heri. Sisi tulikuwa hatuvuki hata Malagarasi bila kuaga.

Mrina_Asali
Kama ni sukari, njoo nikupe asali ya miombo. Ni dawa, lamba asubuhi na jioni.

Sista_Wodini
Kaka Mrina, hapana, tafadhali. Asali inapandisha sukari. Kazi yake kwake ni moja: sukari ikishuka, anatetemeka, jasho la baridi, maneno hayaeleweki, hapo apewe asali au glukosi mara moja. Na hapo ndipo penye hatari, mdogo wangu. Ukikanyaga pedeli kutwa nzima, sukari inaendelea kushuka saa nyingi baadaye, hata usiku umelala kwenye hema. Ukizimia Mishamo saa nane usiku peke yako, nani atakuamsha? Dozi za safari kapange na kliniki, usizipunguze kwa kubahatisha. Insulini iliyofunguliwa huvumilia wiki nne hivi kama joto halizidi nyuzi 30, ila kwenye keria juani itaharibika. Ifunge kwenye chupa, uiweke ndani ya chombo cha udongo chenye kitambaa kibichi, kivulini. Na usiende peke yako.

Shahidi_Mkavu
Dada unapoteza muda. Hii chai, tena anayeipika ana kisukari. Eti apande Liemba! Mara ya mwisho nimepita bandari ya Kigoma, meli imefungwa inasubiri matengenezo. Mwana wa Kasulu gani hajui hilo? Subirini, kesho ataweka namba ya michango.

Kijiwe_Boy
Nakaa hapa na karanga.

Mwana_wa_Kasulu
Sijaomba hata shilingi ya mtu. Liemba niliipanda nikiwa mdogo, tunakwenda Kasanga kwa shangazi, usiku mitumbwi inaifuata kila kijiji, watu wanapanda na magunia ya dagaa meli ikiwa majini. Sasa naishi Sumbawanga, mambo ya bandari nayajulia wapi? Kama nadanganya, niulize sindano ya asubuhi nachoma wapi na ya usiku wapi.

Mzee_wa_Mwanga
Hilo la mitumbwi ni kweli kabisa. Meli ile ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua, 1927 ikarudi kazini. Mimi niliipanda na mke wangu tukiwa wachumba, tulilala juu ya magunia…

Shahidi_Mkavu
Mzee umeshachotwa. Mkuu, sindano unachoma wapi?

Mwana_wa_Kasulu
Asubuhi tumboni, usiku pajani. Nabadilisha sehemu, nikirudia palepale panavimba.

Sista_Wodini
Huyu anachoma kweli.

Mwana_wa_Kasulu
Hifadhini nitapanda basi, hilo nimekubali. Kipili naiacha. Kliniki naenda Jumatatu. Lakini Mpanda hadi Uvinza naendesha, msinitoe hapo. Mwenzangu wa safari ndiye sijampata.

Mrina_Asali
Agosti nitakuwa porini upande huo huo, na mpwa wangu ana baiskeli. Njoo PM. Ila mama yako nizungumze naye kwanza kwa simu.

Mwana_wa_Kasulu
Mama tena, kaka?