Mpwa wangu ni pointi gadi kwenye chuo cha miaka miwili Kansas: nitajuaje kama ataweza ngazi ya juu?

Mjomba wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoujua mpira wa kikapu kwa undani.

Mpwa wangu amekulia viwanja vya Upanga na Kidongo Chekundu. Sasa yuko Marekani, jimbo la Kansas, mwaka wa pili kwenye chuo cha miaka miwili, hivi vinavyocheza chini ya NJCAA, chama cha michezo cha vyuo vya aina hiyo. Ni pointi gadi, yaani anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi, urefu kama mita 1.83. Wastani wake msimu huu ni pointi 17 na pasi 5 za kufunga kwa mechi. Mechi zao huonyeshwa mtandaoni. Zikianza saa moja jioni kwao, huku ni saa kumi alfajiri, hivyo mimi na dada yangu tunaamka, tunaunga bando, tunaangalia kwenye simu moja.

Sasa vyuo viwili vinamtaka. Kimoja kiko Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu, ila ni chuo kidogo, kocha wake anamwambia atacheza akipambana. Kingine ni Divisheni ya Pili, wanalipa ada, chakula na malazi, na kocha anasema waziwazi anamtaka aanze kuanzia mechi ya kwanza. Kijana mwenyewe moyo wake uko Divisheni ya Kwanza. Mama yake, ambaye anauza vitenge Kariakoo, ananiuliza mimi kwa sababu nilicheza shuleni. Lakini mimi nilikuwa mtu wa chini ya ringi, nakamata ribaundi naachia mpira. Mambo ya kuongoza timu siyajui. Sitaki kumkatisha tamaa kijana, na dada yangu sitaki kumpa maneno ya kumfurahisha tu. Mtu anaangalia nini kwa pointi gadi wa ngazi ile mpaka aseme huyu atafika, huyu bado?

Baharia Kigamboni

Mkuu, pointi 17 Kansas si mchezo. Jimmy Butler alianzia Tyler, chuo cha miaka miwili kule Texas, akahamia Chuo Kikuu cha Marquette, na kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2011 Chicago Bulls wakamchukua akiwa wa 30. Mwacheni dogo aende Divisheni ya Kwanza. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kocha wa Upanga

Kaka wa Tabata, salaam. Nimecheza pointi gadi kwenye ligi ya Dar kwa miaka mingi, na sasa nafundisha wasichana na wavulana wadogo. Naomba nijibu kwa urefu, maana vijana wetu wengi wanapotezwa na ushauri wa haraka hapa hapa.

Baharia, mfano wako ni wa kweli, ila Butler alikuwa fowadi pale Marquette. Fowadi mwenye mwili na moyo wa kukaba anaweza kupewa dakika kumi huku anajifunza. Pointi gadi hana pa kujificha, kila shambulizi linaanzia mkononi mwake. Na tusimlinganishe na Hasheem Thabeet wetu, aliyetoka hapa Dar akapita Houston, akacheza chuo cha UConn, akachaguliwa wa pili kwenda NBA mwaka 2009. Yule ana zaidi ya mita 2.20, na mtu wa namna hiyo makocha wanamsubiri akue. Mwenye mita 1.83 hakuna atakayemsubiri.

Wa kuwatazama ni mapointi gadi wenzake waliopita njia hiyo. Sam Cassell alitoka San Jacinto, Texas, akaenda Florida State, akaingia Houston Rockets 1993 na kubeba ubingwa misimu yake miwili ya kwanza. Mookie Blaylock alianzia Midland College, akaenda Oklahoma. Avery Johnson alianzia New Mexico Junior College, akamalizia chuo cha Southern, na NBA hakuna timu iliyomchagua kabisa. Nate Archibald alianzia Arizona Western, na msimu wa 1972-73 aliongoza NBA kwa pointi (34.0) na kwa pasi za kufunga (11.4) kwa pamoja.

Hawa hawafanani mwili wala uchezaji. Ila kila mmoja alikuwa na kitu ambacho alipanda nacho ngazi kwa ngazi na hakikupungua. Cassell alikuwa na mtupo wa masafa ya kati, anakupa mgongo, anageuka, anafunga mbele ya mtu yeyote. Blaylock alikuwa na mikono: aliongoza NBA kwa kupora mipira misimu miwili mfululizo, 1997 na 1998. Johnson, mtu mfupi asiye na mtupo wa kutisha, alitoa pasi za kufunga zaidi ya 13 kwa mechi mwaka wake wa mwisho chuoni, na mwaka 1999 ndiye aliyefunga kikapu cha ushindi San Antonio walipotwaa ubingwa wao wa kwanza.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: mpwa wako ana kitu gani ambacho hakitegemei udhaifu wa wapinzani? Pointi 17 peke yake haziwezi kukujibu. Vyuo vya miaka miwili vinakimbia sana, mechi zinafika pointi 90, na karibu kila mchezaji pale anatafuta klipu za kuwatumia makocha. Leo unakutana na timu yenye watu watatu wanaokwenda Divisheni ya Kwanza, keshokutwa na timu ambayo mrefu wake hajui kuruka. Pointi za mechi hizo mbili zinaingia kwenye wastani mmoja.

Acha klipu. Tafuta mechi nzima dhidi ya timu bora kabisa waliyokutana nayo, hata kama walifungwa. Angalia hasa dakika tano za mwanzo wa kipindi cha pili, kwa sababu kocha wa wapinzani ametoka mapumziko akiwa na jibu la yale mpwa wako aliyoyafanya kipindi cha kwanza.

Sasa tazama kitu kimoja kwa makini. Mrefu wa timu yake anakuja kumwekea skrini, yaani anasimama kama ukuta kumzibia njia anayemkaba. Mrefu wa wapinzani anaruka mbele kumzuia, na yule anayemkaba naye anazunguka skrini, ghafla wamekuwa wawili juu yake. Hapo anafanya nini? Wapo wanaokamata mpira kwa mikono miwili na kugeuka mgongo. Huyo amekwisha, hata kama atatoa pasi, imechelewa. Wapo wanaolazimisha katikati ya wale wawili, na kwenye vyuo vya miaka miwili mpira unapita kwa sababu mrefu ni mzito. Divisheni ya Kwanza mrefu huyo ana miguu ya gadi, mpira haupiti. Unayemtafuta ni yule anayerudi hatua mbili nyuma dribo ikiwa hai, kichwa juu, anawavuta wote wawili mbali na ringi, kisha anapeleka mpira kwa mrefu wake aliyebaki huru, au moja kwa moja pembeni kwa mpigaji wa pointi tatu. Anayefanya hivyo Kansas atafanya hivyo popote.

Jambo la pili ni mtupo. Kama hawamwogopi kwenye pointi tatu, kila anayemkaba atapita chini ya skrini, upande wa ringi, amsubiri huko, na njia yote ya kwenda kwenye ringi itafungwa. Asilimia ya pointi tatu kwa msimu mmoja inaweza kudanganya kwa sababu mitupo ni michache, kwa hiyo niangalizie na mitupo huru. Anayefunga mitupo huru vizuri mara nyingi mkono wake uko sawa, na pointi tatu zitakuja.

Kukaba sitasema mengi. Akipitwa kirahisi na gadi wa timu hiyo bora, kocha wa juu atamweka benchi kabla hajaona pasi zake.

Na tafadhali tuletee idadi ya mipira anayopoteza. Umetaja pasi 5, hukutaja mipira inayopotea. Pasi 5 kwa mipira 2 ni mtu mmoja, pasi 5 kwa mipira 4 ni mtu mwingine kabisa.

Msomi wa Texas

Shikamooni wakubwa. Mimi sichezi, nasoma chuo kimoja Texas na nimeishi bweni moja na wachezaji. Naongeza upande ambao kocha hajagusa.

Mjomba, muulize kijana GPA yake, yaani wastani wa alama zake za masomo. Anayetoka chuo cha miaka miwili kwenda Divisheni ya Kwanza anatakiwa awe na angalau 2.5 kwenye masomo yanayohamishika. Hilo neno masomo yanayohamishika ndilo linalowaumiza wengi, kwani unaweza kuwa na krediti nyingi halafu chuo kipya kikakubali nusu yake kwa shahada unayoitaka. Vyuo vyote viwili vimwandikie mapema watakubali masomo yapi.

Pia hesabu ya miaka. Kwa kanuni iliyozoeleka misimu ya chuo cha miaka miwili inahesabiwa, kwa hiyo amebakiwa na miwili. Desemba 2024 mahakama ilimpa Diego Pavia, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa Vanderbilt aliyepitia chuo cha aina hiyo, ruhusa ya kucheza msimu mwingine, na tangu hapo kanuni zinatikisika. Asipange maisha kwa kutegemea mwaka wa bure.

Na ajue soko limebadilika. Tangu 2024 mchezaji wa NCAA anaweza kuhama kila mwaka na akacheza mara moja, mradi masomo yako sawa. Kwa hiyo kocha wa chuo kidogo akitaka pointi gadi, anaweza kumchukua mwenye miaka 23 aliyekwishacheza misimu mitatu ya Divisheni ya Kwanza. Hao ndio mpwa wako atashindana nao. Zile fedha za matangazo wanazolipwa wachezaji wa vyuo, tunazozisikia, nazo asizihesabu, viza ya mwanafunzi ya F-1 inabana sana kazi za nje.

Mjomba wa Tabata

Kocha, nakushukuru sana. Na wewe Msomi, marahaba, Mungu akubariki na masomo yako.

Jana usiku nilirudia mechi waliyofungwa Januari na timu inayoongoza kundi lao. Nimeandika kwenye daftari. Pasi za kufunga 7, mipira iliyopotea 5. Nilipoangalia skrini kama ulivyosema, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona alfajiri zote zile. Skrini ikiwekwa kuliani kwake, anarudi nyuma vile vile ulivyoeleza, na mara mbili alirusha pasi ndefu ya mkono mmoja mpaka kona ya mbali, jamaa wakafunga pointi tatu. Dada yangu alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini skrini ikiwekwa kushotoni, anakamata mpira. Kipindi cha pili wale wapinzani walikuwa wanamsukuma kushoto kila mara, na mipira minne kati ya ile mitano ilipotelea huko.

Mitupo huru anafunga asilimia 84 msimu huu, pointi tatu asilimia 33. GPA yake ni 3.1. Kukaba, naona anajitahidi, ila gadi wao alimpita mara kadhaa alipochoka.

Kocha wa Upanga

Kaka, hapo umeangalia kama kocha. Sasa nina la kusema kwa uhakika zaidi.

Ile pasi ya mkono mmoja kwenda kona ya mbali ndiyo kitu chake. Ni pasi ngumu, anayeitoa akiwa amebanwa na wawili anaona uwanja wote. Hiyo anapanda nayo. Mitupo huru 84 inaniambia pointi tatu zitapanda pia akipata mazoezi ya kurusha baada ya dribo. Kijana ana kipaji cha kweli, mwambie hivyo kwanza kabla ya jingine lolote, asikie kutoka kwenu nyumbani.

Lakini mkono wa kushoto hauko tayari, na hiyo siri Divisheni ya Kwanza hawatangoja kipindi cha pili kuigundua. Wasaidizi wa kocha wanakaa na video wiki nzima. Watamsukuma kushoto kuanzia mpira wa kwanza. Akipoteza miwili mfululizo anatolewa, na nyuma yake yuko yule wa miaka 23 aliyetajwa na Msomi. Mkono wa kushoto unajengwa kwa mazoezi na kwa mechi, tena mechi ambazo kocha anakuacha uwanjani baada ya kukosea.

Kwa hiyo mimi ningempeleka Divisheni ya Pili, na simaanishi ameshindwa. Derrick White alicheza misimu mitatu Divisheni ya Pili pale Colorado Springs, akahamia Chuo Kikuu cha Colorado kwa msimu mmoja, mwaka 2017 San Antonio wakamchagua wa 29, na 2024 alikuwa bingwa na Boston Celtics. Ni gadi. Mpwa wako ana misimu miwili: mmoja wa kushika timu na kujenga kushoto, halafu soko lilelile la kuhama linalomtisha leo linaweza kumfanyia kazi yeye mwakani.

Kitu kimoja tu kingenifanya nibadilishe mawazo. Kabla hajajibu, ampigie yule kocha wa Divisheni ya Kwanza na amuulize: ana mapointi gadi wangapi wanaorudi msimu ujao, anatafuta mwingine sokoni au hatafuti, na ameona udhaifu gani kwenye mchezo wake. Kocha akimtajia watu kwa majina na akamwambia mwenyewe habari ya mkono wa kushoto bila kuulizwa, basi amemwangalia kweli na ana mpango naye, aende. Akirudia tu kwamba atacheza akipambana, asaini kule kwingine. Na wewe dada yetu wa Kariakoo, pole na usingizi. Ukinipa saa ya mechi ijayo na mimi nitaamka.