Tupeane uzoefu: santuri ndogo ulizonazo, na habari za nyimbo zake

Mwanzisha mada, Mbale

Wapendwa, habari za tangu juzi. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunabadilisha mabati ya nyumba ya marehemu baba mkubwa, ikabidi vitu vyote vitolewe nje. Chini ya kitanda likatokea sanduku la bati, lile la kuendea bweni, na ndani yake santuri ndogo 43, zote za kasi ya 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika. Nyingine zimo kwenye bahasha zake, nyingine amezifunga kwa magazeti.

Nikakaa barazani nazifuta moja moja kwa kitambaa. Ya tisa au ya kumi ikanisimamisha. Kwenye lebo, pale penye nafasi chini ya jina la mwimbaji, pameandikwa kwa wino wa buluu: "Mali ya fundi cherehani. Usiazimishe." Baba mkubwa hakuwa fundi cherehani, alikuwa karani wa kahawa. Kwa hiyo iliazimishwa, na haikurudi. Nimewauliza shangazi zangu wote. Mmoja tu anamkumbuka fundi mmoja aliyeshonea kwenye baraza ya duka, ambaye Jumamosi jioni aliweka gramafoni juu ya meza ya kukatia nguo. Jina limempotea.

Santuri yenyewe ni Helule Helule ya Daudi Kabaka. Tunamhesabu Mkenya, na ni kweli, lakini alizaliwa huku kwetu Uganda, Kyambogo, mwaka 1939. Nairobi alikuwa kwenye studio ya Equator pamoja na Fadhili William, na Charles Sonko ambaye ni Mganda. Mwaka 1968 vijana wa Uingereza, The Tremeloes, wakauchukua wimbo huo wakauimba kwao nao ukavuma. Mimi hilo nalijua siku nyingi. Ila sikuwahi kulihisi mpaka niliposhika hii yenye mwandiko wa fundi, nikamwona anapiga pasi ya makaa huku mguu unafuata ngoma.

Ombi langu: kila mtu alete santuri moja. Wimbo gani, ilipita mikononi mwa nani, na unajua nini kuhusu wimbo wenyewe. Bei tuziache, zina siku yake.

Kutoka Jinja

Umenigusa. Mimi nina moja tu ambayo siwezi kuitoa hata nikilala njaa: Lunch Time ya Gabriel Omolo.

Mzee wangu alifanya kazi kiwanda cha nguo cha Nytil, kwenye ukumbi wa mashine za kufumia. Wale waliowahi kuingia mle wanajua kelele yake, mnaongea kwa mikono. Miaka ikipita masikio yakapungua nguvu. Akirudi nyumbani alikuwa anafungulia gramafoni mpaka mwisho, kisha anaweka kiganja juu ya ubao wa sanduku lake. Anasikiliza kwa mkono. Sisi watoto tuliona ni mchezo, tukawa tunaweka mikono yetu karibu na wake, na kweli besi unaisikia inapanda hadi kwenye kiwiko.

Wimbo huo unawaimba wafanyakazi ikifika saa ya chakula cha mchana. Mwenye pesa anakwenda kula, asiye nazo anatafuta pa kupitishia saa ile. Ulipendwa sana hapa Afrika Mashariki miaka ya mwanzo ya 1970, hata Omolo akapewa diski ya dhahabu. Mzee alikuwa anaurudia, anaurudia. Mama akilalamika, anacheka tu.

Nimekuja kuelewa mwaka alioaga dunia. Rafiki yake wa kazini alikuja kwenye matanga, akasikia tunaupiga, akanyamaza muda. Kisha akasema: "Huyu tulikuwa tunakwenda naye ziwani." Nikamuuliza ziwani kufanya nini. Akasema kuanzia tarehe ishirini ya kila mwezi mshahara unakuwa umekwisha kwa karo zetu, basi kengele ya mchana ikilia wanatembea hadi ukingoni, wanakaa kwenye majani wanatazama maji, kengele ikilia tena wanarudi. Nyumbani tulijua anakula kantini. Mama mwenyewe alikuwa hajui.

Ina mkwaruzo mmoja upande wa kwanza, sindano inaruka mara mbili palepale. Sitaki kuisikia bila ule mruko.

Kutoka Busia

Pole na ahsante, ndugu wa Jinja. Yangu ni fupi. Ninayo Malaika ya Fadhili William, nimeipata kwa mama mmoja muuza mitumba, ilikuwa ndani ya mkoba. Lebo inamtaja Fadhili, na sauti ni yake bila shaka. Lakini Tanzania wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim, na mzozo huo haujaisha hata baada ya Miriam Makeba kuupeleka dunia nzima. Ndiyo maana nawaambia vijana: lebo inakuambia nani aliandikishwa. Nani alitunga ni habari nyingine, hiyo kaulize watu.

Kutoka Bombo

Asalaam aleikum jamaa zangu. Sisi Wanubi wa Bombo hatuna harusi bila muziki, na bibi yangu alikuwa na gramafoni iliyoazimwa mtaa mzima. Kazi yangu nikiwa mdogo ilikuwa moja: kugeuza.

Vijana wa leo hawalijui hili. Santuri ndogo upande mmoja unabeba dakika nne, tano hivi. Bendi za Kikongo hazikuweza kuzimaliza nyimbo zao kwa muda huo, basi wimbo unakatwa: Sehemu ya Kwanza huku, Sehemu ya Pili kule. Upande wa kwanza mwimbaji anakueleza shida zake za mapenzi, sauti inafifia taratibu. Upande wa pili magitaa yanafunguka. Sasa hapo katikati watu wamesimama uwanjani, mikono hewani, vumbi limetulia, wote wananitazama mimi. "Geuza, mtoto, geuza!" Unainua sindano, unashika santuri kwa kingo tu bila kugusa michirizi, unapindua, unashusha. Mkono ukitetemeka sindano inakwaruza, bibi anakukata jicho. Nilifika mahali nageuza kabla mwanamke hajamaliza kuzunguka.

Santuri ninayoileta ni Shauri Yako ya Super Mazembe, bendi ya Wakongo waliokuwa Nairobi. Wengi wanadhani ni wimbo wao, lakini wa kwanza kuupiga alikuwa Nguashi N'Timbo. Wanamuziki wengi kutoka Kongo walikwenda Nairobi wakipitia huku kwetu. Mwimbaji Samba Mapangala na bendi yake, Les Kinois, walikuwa Kampala kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1977. Bibi alikuwa anasema hao tumewalisha.

Yangu upande wa pili umelika hadi umekuwa wa kijivu. Wa kwanza bado unang'aa.

Kutoka Kampala

Naomba niwaonye kabla mtu hajaharibu mali. Nilipata santuri ya zamani zaidi pale soko la Owino, ile nzito ya kasi ya 78, wimbo wa Kiganda wa ndoa ambao jjajja (bibi) yangu aliimba kila akimenya matoke. Nilikuwa nimeitafuta miaka sita. Ilikuwa na uchafu, nikachukua pamba na spiriti kama ninavyosafisha za plastiki. Pamba ikageuka kahawia. Nikadhani ni uchafu unatoka, nikazidi kusugua. Ilikuwa ni santuri yenyewe inatoka. Hizo za 78 zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu, na spiriti inaiyeyusha. Nilipoiweka nikasikia mvumo tu, na mbali kabisa sauti ya mtu.

Za 78 tumia kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Za 45 maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, lebo isilowe, ukaushe kivulini. Na zisimamishwe kama vitabu, msizilaze moja juu ya nyingine wala msiziache karibu na dirisha. Jua la saa saba linazikunja kama chapati.

Kutoka Arua

Mimi sina santuri. Nina bahasha.

Ni ya karatasi ya kaki, ina tundu katikati, na kwenye kona pana muhuri wa zambarau wa duka la Mhindi mmoja aliyeuza baiskeli, taa za karabai na santuri. Baba alikuwa kijana wa kubeba mizigo pale. Mwaka 1972 Waasia walipopewa siku tisini waondoke, mwenye duka aliwagawia wafanyakazi santuri, kila mmoja achague. Baba alichagua kwa kutazama rangi ya lebo kwa sababu kusoma hakujua. Santuri ilivunjika mwaka 1979 tulipokimbilia Sudan, ilikuwa chini ya sufuria. Bahasha aliikunja akaiweka mfukoni. Anasema lebo ilikuwa ya kijani na wimbo una mluzi mwanzoni. Amefikisha miaka themanini na mbili, mluzi wenyewe anaupiga bado.

Mwanzisha mada, Mbale

Ndugu wa Arua, nimesoma hayo yako nikainuka kwenda kwenye sanduku. Lebo za kijani ninazo nne, na mbili zinaanza na mluzi. Nirekodie mzee akipiga huo wake, hata kwa simu, unitumie. Ikiwa ni mojawapo, nitaifunga katikati ya kadibodi mbili niikabidhi kwa dereva wa basi mkononi, isiingie buti. Bahasha usinitumie. Ibaki huko iingojee.